Darjeeling na viunga vyake: vivutio vya kutazama, na namna ya kuvitazama bila kukimbizwa

Mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu. Waafrika Mashariki wengi huenda India kwa masomo, kwa biashara au kumpeleka mgonjwa hospitali, na wakipata siku chache za nafasi huelekea Agra kuliona Taj Mahal, kisha hufunga safari ya kurudi nyumbani. Sina neno na Taj Mahal. Lakini kwa yeyote aliyeko Kolkata, au anayeweza kufika huko, uko mji wa mlimani unaostahili siku hizo zaidi, nao ni Darjeeling. Nimeufungulia uzi kwa sababu maelezo mengi yanayopatikana ni orodha za vituo tu, na mji huu ukiutazama kwa orodha unaweza kuondoka na picha zote bila kuuona.

Darjeeling uko kaskazini kabisa mwa jimbo la Bengali Magharibi, juu ya mgongo wa mlima wenye mwinuko wa takriban mita 2,045, huku Nepal ikiwa upande wa magharibi, jimbo la Sikkim kaskazini na Bhutan mashariki. Anayetoka Nairobi hatasumbuliwa na mwinuko huo, ila baridi itamsumbua, hasa Desemba na Januari, maana nyumba nyingi za wageni hazina kipasha joto zaidi ya mablanketi mazito na mpira wa maji moto. Mwaka 1835 Chogyal, mfalme wa Sikkim, aliwakabidhi Waingereza wa Kampuni ya India Mashariki eneo hili, nao walilitaka liwe kituo cha kupumzikia askari na maofisa waliochoshwa na joto na homa za tambarare. Miaka 6 baadaye Dkt. Archibald Campbell, aliyekuwa msimamizi wa mji, alipanda hapo mbegu za chai. Mashamba yalipotanuka, wafanyakazi wengi walitoka mashariki mwa Nepal, na ndiyo maana hadi leo lugha ya mtaani ni Kinepali na wenyeji wengi hujitambulisha kuwa Wagorkha. Nayaeleza haya mapema kwa kuwa karibu kila kivutio nitakachokitaja kimetokana nayo: mlima wenyewe, reli iliyojengwa kuufikia mji, chai, na watu ambao kazi yao ndiyo imeviweka vyote hivyo mahali vilipo.

Nianze na mlima. Kangchenjunga una urefu wa mita 8,586 na ni wa 3 duniani. Hadi miaka ya 1850, kabla ya hesabu za upimaji wa Everest kutangazwa, ndio uliodhaniwa kuwa mrefu kuliko yote. Uko umbali wa kilomita 70 na ushei kutoka mjini, lakini hewa ikiwa safi huonekana umesimama papo hapo ng'ambo ya bonde, theluji tupu juu ya misitu ya kijani. Joe Brown na George Band, waliokuwa wa kwanza kuupanda, tarehe 25 Mei 1955, hawakukikanyaga kilele chenyewe; walisimama hatua chache chini yake ili kutimiza ahadi aliyopewa Chogyal, kwa sababu watu wa Sikkim wanauheshimu mlima huo kuwa makao ya mlinzi wao. Wapandaji wengi waliofuata nao wameitunza ahadi hiyo.

Mahali panaposifiwa zaidi kwa kuutazama ni Tiger Hill, kilima chenye mwinuko wa mita 2,590, kilomita 11 kutoka mjini. Msafara wa jipu huondoka kwenye saa kumi alfajiri, giza likiwa bado nene, na huko juu utawakuta akina mama wenye chupa za chai na kahawa wakipita katikati ya umati wa watu waliojitanda mablanketi. Jua linapokaribia kuchomoza, mwanga hauanzi kwenye vilima vya karibu bali kwenye ncha ya Kangchenjunga, kwa kuwa ndiyo iliyo juu kuliko vyote. Ncha hiyo huwa ya waridi, kisha rangi ya chungwa, kisha dhahabu, na rangi huteremka polepole kwenye mabega ya mlima mpaka safu nzima iwe nyeupe. Asubuhi yenye hewa safi sana huonekana hata Everest, magharibi, umbali wa zaidi ya kilomita 170, lakini usiutafute kwa ukubwa: Makalu, ulio karibu zaidi, huonekana kuwa ndio mkubwa, na wageni wengi huunyooshea kidole huo wakidhani ni Everest.

Hata hivyo, mtu asiipe Tiger Hill asubuhi yake pekee. Mlima huu hufunikwa na mawingu bila taarifa, na mara nyingi hata siku njema hujifunika ifikapo saa tatu au saa nne asubuhi. Anayekaa usiku mmoja anacheza bahati nasibu. Kaa usiku tatu au nne. Nenda Tiger Hill mara moja, na asubuhi nyingine ondoka chumbani kabla ya jua, uifuate kwa miguu barabara ya Mall inayoanzia uwanja wa Chowrasta, ikazunguka kilima cha Observatory na kukurudisha ulipoanzia. Upande wa kaskazini wa mzunguko huo kuna sehemu za kukaa zinazotazamana na safu yote ya theluji. Magari hayaruhusiwi hapo, hakuna tiketi wala honi, na watakaokuwa pamoja nawe ni wazee wa mji wanaofanya mazoezi na watawa wanaosali huku wakitembea.

Observatory wenyewe ni kilima kitakatifu. Juu yake palikuwa na monasteri ya Kibuddha iliyoharibiwa na jeshi la Wagorkha kutoka Nepal mwaka 1815, na leo pana hekalu la Mahakal ambapo kuhani wa Kihindu na mtawa wa Kibuddha huhudumu chini ya paa moja. Njia ya kupandia imefunikwa na vitambaa vya sala vya rangi tano vilivyofungwa toka mti hadi mti mpaka anga haionekani vizuri, na kengele hulia kila anayeingia anapoigusa. Vua viatu, na usishike chakula mkononi, kwa sababu nyani wa pale wamezoea kunyang'anya.

Nikirudi kwenye orodha: mara tu utakapoteremka Chowrasta kwenda kituo cha magari, madereva watakuuzia mji kwa pointi. Kuna ziara ya pointi tatu, ambayo ni ya alfajiri: Tiger Hill, monasteri ya Ghum na Batasia, kuna ya pointi tano na ya pointi saba, ambamo bustani ya wanyama, shamba la chai, kituo cha wakimbizi wa Tibet na Mwamba wa Tenzing hubanwa ndani ya saa chache, kila kimoja kikipewa dakika ishirini au thelathini. Madereva hawana hatia, hiyo ndiyo biashara iliyopo. Lakini vingi kati ya vituo hivyo viko ndani ya mwendo wa miguu kutoka Chowrasta, na kila kimoja kina mambo ya nusu siku.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mkuu, asante kwa uzi wenye kueleweka, lakini naomba tusiwakatishe watu tamaa na hizo pointi. Mimi nilikwenda na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka sabini na kitu, na magoti yake hayaruhusu ngazi. Mji ule ni ngazi na miteremko mitupu. Kutoka barabara ya chini hadi Chowrasta peke yake ni kazi. Bila jipu mama asingeona chochote, na dereva wetu alikuwa mtu mwungwana aliyemngoja bila kununa. Pia ungewaeleza Waislamu habari za chakula, maana jambo hilo tulihangaika nalo siku ya kwanza.

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Mombasa, hapo umesema kweli, na mama apewe shikamoo zangu. Kwa mtu mzima au mwenye tatizo la miguu, jipu ni la lazima. Ninachopendekeza ni kulikodi kwa vituo vichache badala ya saba, na kuchagua vile ambavyo gari hufika mlangoni. Monasteri ya Yiga Choeling kule Ghum, iliyoanzishwa mwaka 1850, ina sanamu ya Buddha ajaye, Maitreya, yenye urefu wa zaidi ya mita 4, na mle ndani mtu hukaa kimya akasikiliza watawa wakisoma. Pagoda ya Amani, iliyojengwa na watawa wa Kijapani wa Nipponzan Myohoji na kufunguliwa mwaka 1992, nayo gari hufika karibu. Pembeni yake kuna hekalu dogo ambapo ngoma hupigwa wakati wa sala, na mgeni hukabidhiwa kijingoma na kijiti apige pamoja nao. Bustani ya wanyama, kinyume chake, ina mpando wa kutosha tangu getini, na bustani ya Rock Garden iko chini sana bondeni kwa barabara ya kona kali ambayo wengine huitapikia. Hiyo mimi ningeiacha kabisa, kwa kuwa maporomoko yake yamezungushiwa saruji kupita kiasi.

Kuhusu chakula, mjini kuna msikiti wa siku nyingi wa Anjuman-e-Islamia, na maeneo ya karibu nao ndipo pa kuulizia nyama halali. Momo, yaani vile viandazi vya unga vilivyojazwa nyama au mboga na kupikwa kwa mvuke, huuzwa kila kona, lakini mara nyingi nyama yake ni ya nguruwe, kwa hiyo uliza kwanza au chagua za kabichi na jibini. Thukpa, supu ya tambi, ni mlo mzuri wa jioni ya baridi na hupatikana ya mboga. Usiondoke bila kuonja chhurpi, jibini gumu kama kipande cha mti, ambalo wenyeji hulitia shavuni wakalimung'unya muda mrefu mpaka lilainike.

Mchangiaji aliyesoma Kolkata

Nami naomba nichangie kuhusu reli, kwa sababu nimeipanda zaidi ya mara moja na sioni kama inatendewa haki inapoitwa treni ya watoto. Reli ya Darjeeling ilijengwa kati ya 1879 na 1881 chini ya Franklin Prestage, na upana kati ya vyuma vyake ni milimita 610 tu, ilhali reli yetu ya zamani ya Afrika Mashariki ilikuwa ya mita moja. Kutoka New Jalpaiguri kwenye tambarare hadi Darjeeling ni kilomita 88, na katika mwendo huo inapanda zaidi ya mita 2,000 bila reli ya ziada yenye meno katikati na bila handaki hata moja. Mwaka 1999 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi wa dunia.

Namna inavyopanda ndiyo ya kutazama. Mahali ambapo mlima ni mkali mno, treni husonga mbele mpaka mwisho wa njia, husimama, swichi hugeuzwa, kisha hurudi kinyumenyume kwenye njia nyingine iliyo juu zaidi, husimama tena, na kusonga mbele ikiwa imepanda ngazi moja. Mahali pengine reli hujizungusha kama kitanzi na kupita juu ya njia iliyotoka chini yake. Inaendelea hivyo hadi Ghum, kituo cha juu kuliko vyote katika reli za India, mita 2,258, kisha huteremka kilomita chache kuingia Darjeeling kupitia kitanzi cha Batasia, ambapo katikati ya bustani pana mnara wa askari wa Kigorkha waliofariki vitani tangu uhuru wa India.

Safari nzima hutumia dizeli na huchukua karibu siku nzima, kwa hiyo wageni wengi huchagua ile fupi ya Darjeeling hadi Ghum na kurudi, ya takriban saa mbili, inayovutwa na injini ya mvuke. Wahi kituoni nusu saa kabla uione ikiandaliwa. Injini hizo za daraja B zilianza kuletwa kutoka Glasgow mwaka 1889, na kwa udogo wake zinahitaji watu wengi: dereva, mtia makaa, mtu anayekaa juu ya rundo la makaa akiyavunja kwa nyundo, na wawili wanaokaa mbele kabisa, juu ya chuma cha mbele, wakinyunyiza mchanga kwa mkono juu ya reli ili magurudumu yasiteleze pakiwa na umande. Reli inapita katikati ya soko, karibu na milango ya maduka kiasi kwamba abiria anaweza kugusa nguo zilizotundikwa, na wenye maduka husogeza bidhaa zao bila hata kugeuka kutazama. Tiketi huisha mapema msimu wa Oktoba na wa Mei, kwa hiyo zikatwe kabla ya kupanda mlimani.

Mwanzisha uzi

Mkuu, umeieleza kuliko ambavyo ningeweza mimi. Kwa wanaouliza namna ya kufika: kuna treni za usiku kutoka kituo cha Sealdah, Kolkata, zinazofika New Jalpaiguri asubuhi, na kwa ndege uwanja wa karibu ni Bagdogra. Kutoka hapo huchukuliwa jipu za kuchangia zinazopanda kwa saa tatu au zaidi, kutegemea barabara. Kipindi cha Juni hadi Septemba ni cha mvua kubwa, barabara hukatwa na maporomoko ya udongo na mlima hauonekani kwa wiki kadhaa. Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya hewa safi, na Machi hadi Mei ni ya maua na ya chai mpya, ingawa ukungu huwa mwingi zaidi. Wanaotoka Kenya, Uganda au Kongo, au waliopitia huko, wasisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana India hukidai uwanja wa ndege.

Mchangiaji kutoka Kericho

Hongera kwa uzi. Mimi nimekulia kwenye chai na mama yangu ameichuma maisha yake yote. Naomba kujua: mtu wa Kericho ataona nini cha ajabu katika shamba la chai la Darjeeling? Au hicho ni kivutio cha wale wasioijua tu?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu langu ni kwamba wewe ndiye utakayefaidi kuliko wote, kwa sababu utaona tofauti ambazo wengine hawazioni. Chai ya kwetu kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya Assam, yenye jani pana, na hukatwakatwa kwa mashine ya CTC, yaani ya kuponda, kurarua na kukunja jani, ikawa chembechembe zinazotoa rangi nzito upesi. Ya Darjeeling kwa sehemu kubwa ni ya jamii ya Kichina, jani dogo gumu linalostahimili baridi, na haikatwi. Hunyaushwa usiku kucha juu ya vichanja virefu vinavyopulizwa hewa kwa chini, kisha huviringishwa taratibu ili jani libaki zima, huachwa lichachuke, hukaushwa na kuchambuliwa kwa madaraja. Mashamba yanayoruhusiwa kutumia jina la Darjeeling ni 87 tu, na mwaka 2004 jina hilo lilikuwa la kwanza India kusajiliwa kama alama ya asili ya kijiografia.

Lililo karibu na mji ni Happy Valley, lililoanzishwa mwaka 1854, chini kidogo ya barabara ya Lebong. Unateremka kwa miguu kutoka mjini na kuingia kiwandani pamoja na mtu wa kukuelekeza. Nenda kati ya Machi na Novemba, kwani majira ya baridi mche hulala na mashine huzimwa. Omba kuonja mchumo wa kwanza wa Machi na Aprili pamoja na wa pili wa Mei na Juni, vikombe viwili kando kwa kando, bila maziwa wala sukari. Wa kwanza ni wa rangi hafifu ya kijani-manjano na una harufu ya maua. Wa pili ni wa rangi ya kahawia-nyekundu na una utamu unaofanana na zabibu. Sisi tuliozoea chai ya maziwa iliyochemshwa na tangawizi tunahitaji muda kuielewa, lakini tukiipa nafasi inaeleweka.

Kisha tazama mteremko wenyewe. Wachumaji, karibu wote wanawake, husimama kwenye mlima mkali kiasi kwamba mguu mmoja huwa umepinda na mwingine umenyooka, na kikapu huning'inia mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, kama akina mama wa milimani katikati ya Kenya wanavyobeba kuni. Mkanda huo wanauita namlo. Mjini utauona tena kwa wapagazi wanaopandisha masanduku ya wageni, mitungi ya gesi, hata makabati, kutoka stendi hadi hoteli za juu. Ukimpa mpagazi mzigo, patana bei kwanza, lipa yote, na mwache aweke mwendo wake. Familia nyingi za mashambani zimeishi humo kwa vizazi kadhaa bila hati ya ardhi iliyo chini ya nyumba zao, na kwa maoni yangu mgeni anayefurahia mandhari ya chai anapaswa kulijua jambo hilo anapokunywa.

Mchangiaji kutoka Dar es Salaam

Kaka, nimefuatilia uzi tangu mwanzo. Umeitaja bustani ya wanyama ukaipita haraka. Watoto wangu wanataka kumwona panda mwekundu kuliko kitu kingine chochote. Je, inafaa? Na baada ya mjini, wapi pengine?

Mwanzisha uzi

Dada, inafaa sana, isipokuwa siku ya Alhamisi, ambapo hufungwa. Bustani ya Padmaja Naidu ilianzishwa mwaka 1958 na hufuga wanyama wa Himalaya, si simba na twiga wa kuagizwa. Wamo chui wa theluji, mbwa mwitu wa Tibet, dubu mweusi wa Himalaya na huyo panda mwekundu, ambaye ni mdogo kuliko watoto wanavyotarajia, mwenye mkia wa pete na manyoya ya rangi ya kutu. Wapelekeni watoto asubuhi, wakati walezi wanapoweka mianzi, kwani mchana panda hulala juu ya tawi miguu ikining'inia. Kazi ya maana ya bustani ni uzalishaji: mwaka 2003 majike wawili wa panda mwekundu waliozaliwa humo waliachiwa katika msitu wa Hifadhi ya Singalila. Bustani inabeba jina la Padmaja Naidu, gavana wa zamani wa Bengali Magharibi, ambaye mama yake, mshairi na mpigania uhuru Sarojini Naidu, alifika Mombasa Januari 1924 kuongoza mkutano wa Wahindi wa Afrika Mashariki.

Ndani ya eneo hilo hilo, kwa tiketi hiyo hiyo, kuna Taasisi ya Upandaji Milima ya Himalaya, na hapa ningewaomba mkae kuliko popote. Kabla ya Nepal kufungua milango yake kwa wageni, misafara ya Waingereza kwenda Everest ya mwaka 1921, 1922 na 1924 iliondokea Darjeeling na kuzunguka kupitia Sikkim hadi Tibet, na wapagazi wake waliajiriwa hapa, wengi wao Masherpa, watu wa milimani mwa Nepal, waliohamia kutafuta kazi. Tenzing Norgay alikuja akiwa kijana kutafuta kazi hiyo hiyo, na tarehe 29 Mei 1953 alisimama juu ya Everest pamoja na Edmund Hillary. Mwaka uliofuata taasisi ilifunguliwa, naye akawa mkuu wa mafunzo ya milimani. Alifariki mwaka 1986, na mwili wake ulichomwa kwa desturi yao katika uwanja wa taasisi, ilipo sanamu yake. Katika makumbusho mtaona mavazi na vifaa vya wakati ule. Simameni mbele ya viatu na mitungi ya oksijeni mlinganishe uzito wake na wa vifaa vya leo; watoto wataelewa bila maelezo marefu. Mpwa wake, Nawang Gombu, ambaye naye alifundisha hapo, ndiye mtu wa kwanza kupanda Everest mara mbili, 1963 na 1965.

Mkitoka hapo, endeleeni kwa miguu hadi Kituo cha Wakimbizi wa Tibet, kilichoanzishwa Oktoba 1959 baada ya Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, na maelfu ya watu wake kukimbia. Wazee husokota sufu, wengine hufuma mazulia kwa mafundo ya mkono, na ukuta wa picha za zamani hueleza walivyoanza. Anayependa historia apite pia makaburi ya zamani ya barabara ya Lebong, alikozikwa Sándor Csoma de Kőrös, Mhungaria aliyetunga kamusi ya kwanza ya Kitibeti na Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1834, akafa kwa homa hapa mwaka 1842 akiwa njiani kwenda Lhasa.

Jambo moja la kuzingatia mnapokaa mjini ni maji. Mtaona kando ya ngazi na barabara mafungu ya mabomba membamba, mengine yamefungwa kwa mpira mahali yanapovuja, kila moja likienda nyumba yake. Mji hutegemea kwa sehemu kubwa maziwa mawili ya Senchal yaliyochimbwa wakati wa ukoloni, la pili mwaka 1932, idadi ya watu ikiwa ndogo kuliko ya leo kwa mbali, na miezi ya kiangazi wenyeji hununua maji ya magari. Ndoo moja ya maji moto ya kuogea inatosha, msidai zaidi.

Kuhusu nje ya mji, mwenye siku mbili au tatu za ziada na kifua kizima aende Sandakphu, mita 3,636, kilele cha juu kuliko vyote jimboni. Kutoka hapo huonekana minne kati ya milima mitano mirefu zaidi duniani: Everest, Kangchenjunga, Lhotse na Makalu, na umbo la safu ya Kangchenjunga linafanana na Buddha aliyelala chali. Njia huanzia Manebhanjang, kilomita 31, ikifuata mpaka wa Nepal ndani ya Singalila. Kwa miguu ni lazima kuwa na kiongozi wa njia, na kwa gari kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na Landrova za miaka ya 1950, ambazo baadhi bado zinatunzwa na madereva wake kwa upendo mkubwa. Watoto wadogo wasipelekwe huko haraka, kwa sababu mwinuko huo unaweza kuleta kichefuchefu na maumivu ya kichwa. Walale usiku mmoja njiani, Tumling au Gairibas.

Kwa familia, mji jirani wa Kalimpong ni rahisi zaidi. Barabara ya Peshok inateremka katikati ya misitu na mashamba ya chai hadi mahali pa kutazama makutano ya mito Teesta na Rangeet, ambapo maji ya rangi mbili huenda kando kwa kando kabla ya kuchanganyika. Ulizeni hali ya barabara kabla ya kuondoka, maana mafuriko ya Oktoba 2023 yaliyotokana na kupasuka kwa ziwa la barafu huko Sikkim yaliharibu vibaya bonde lote la Teesta, na maporomoko hutokea kila msimu wa mvua. Anayetaka kuvuka kwenda Gangtok, mji mkuu wa Sikkim, atambue kwamba mgeni asiye Mhindi anahitaji kibali maalumu cha kuingia Sikkim. Hutolewa bila malipo, kwa picha na nakala za pasipoti na viza, hata kwenye kizuizi cha Rangpo. Nathu La, njia ya mlimani mpakani na China, hairuhusiwi kabisa kwa wageni wa nje, hata kama wakala atawaambia kuwa analo neno la kuwapitisha.

Dada, kwa watoto wako ningepanga hivi: bustani ya wanyama na taasisi siku moja nzima, treni ya mvuke siku nyingine, Kalimpong siku ya tatu, na kila alfajiri mmoja wenu atazame dirishani, mlima ukiwa wazi, waamsheni wote mwende Mall mara moja, kabla ya chai.